TAHARIRI: MSHAHARA WA MWALIMU NA ALAMA ZA MTOTO

Ndugu wanachama,

Mwezi huu tunaandika juu ya jambo ambalo pengine baadhi yenu mtaliona si la reli. Ni shauri la kumlipa mwalimu wa shule kwa kadiri watoto wake wanavyofaulu katika mtihani. Shauri hili huja na kwenda kama mvua za vuli. Kila matokeo ya mitihani yanapokuwa mabaya, wako wakubwa na wako wazazi wasemao: "Mwalimu apimwe. Watoto wakifaulu aongezwe, wakianguka apunguzwe." Na wasemao hivyo si watu wa mbali tu. Katika karakana zetu na stesheni zetu wamo wanachama wengi wenye fikira hiyo, nao huisema kwa uchungu.

Uchungu huo twaujua. Mfanya kazi wa mshahara mdogo hununua sare, hununua madaftari, hulipa fedha ya chakula cha mchana, halafu mtoto yuko darasa la tano na hawezi kumsomea nyanya yake barua. Baba wa mtoto huyo akiuliza, "Mwalimu alikuwa wapi?" ana haki ya kuuliza. Kwa hiyo hatutaki kumjibu kwa kusema tu kwamba mfanya kazi ni ndugu wa mfanya kazi, basi. Twataka kulitazama jambo lenyewe: lilijaribiwa wapi, nalo lilileta nini.

Maoni yetu tunayaweka hapa mwanzo, ili msomaji asihangaike kuyatafuta. Ukinunua alama utauziwa alama. Ukitaka mtoto ajue kusoma, kuhesabu na kufikiri, itakubidi ulipie kazi iliyo kubwa zaidi, nayo haiwezi kupimwa yote kwa karatasi moja ya siku moja.

WAINGEREZA WALIANZA ZAMANI

Wako wanaodhani shauri hili ni jipya. Si jipya. Mwaka 1862 Serikali ya Uingereza ilitoa kanuni mpya za fedha za shule, na mkubwa aliyezisimamia ni Robert Lowe. Kwa kanuni hizo kila mtoto alikuwa kama mzigo wenye bei yake. Akihudhuria vizuri, shule ilipata shilingi 4 kwa mwaka. Akifaulu mbele ya mkaguzi, ilipata shilingi 8 zaidi, yaani shilingi 2 na peni 8 kwa kusoma, kiasi hicho hicho kwa kuandika, na kiasi hicho hicho kwa hesabu. Akianguka katika somo moja, shilingi 2 na peni 8 zilikatwa. Na kwa kuwa mshahara wa mwalimu mara nyingi ulitoka katika fedha hizo, mwalimu aliitazama siku ya mkaguzi kama mkulima atazamavyo wingu.

Lowe aliwaeleza wabunge kwamba mpango huo kama hautapunguza gharama basi utaleta kazi nzuri, na kama hautaleta kazi nzuri basi utapunguza gharama. Gharama kweli zilipungua. Fedha za Serikali kwa shule zilikuwa zaidi ya pauni 800,000 mwaka 1861. Mwaka 1865 zilikuwa chini ya pauni 650,000. Ndugu, neno hilo lishikeni. Mara nyingi mwenye fedha akisema "nitalipa kwa matokeo," maana yake ni "nitalipa kidogo."

Na darasani ilikuwaje? Watoto walikaririshwa kitabu kile kile mwaka mzima hata wakaweza kukisema bila kukitazama. Masomo yasiyo na bei, kama jografia na historia, yalisukumwa pembeni. Matthew Arnold, aliyekuwa mkaguzi wa shule na tena mshairi mwenye jina, aliyaona mambo hayo kwa macho yake, akaandika katika ripoti zake kwamba kazi ya shule imekuwa kama ya mashine. Waalimu wa shule za msingi waliunda chama chao cha nchi nzima mwaka 1870, na kuuondoa mpango huo ilikuwa mojawapo ya shabaha zake. Haukuondolewa wote mpaka miaka ya 1890. Kizazi kizima kilipita katika shule za namna hiyo.

BUSIA NA TESO

Msomaji atasema: hayo ni ya Ulaya, na tena ya zamani. Vema, na tuje kwetu. Mwaka 1998 na mwaka 1999 shirika moja la msaada lilifanya jaribio katika wilaya za Busia na Teso, na wataalamu Paul Glewwe, Nauman Ilias na Michael Kremer wakalifuatilia. Zilichukuliwa shule 100 za msingi. Katika shule 50, waalimu wa darasa la nne mpaka la nane waliahidiwa tuzo kama shule yao itafanya vizuri katika mitihani ya wilaya au kama itapanda kuliko mwaka uliotangulia. Shule 50 nyingine ziliachwa kama zilivyokuwa, ili kulinganisha. Tuzo zilikuwa vitu vya nyumbani na vya kuvaa: suti, sahani na bilauri, vyombo vya chai, mashuka na mablanketi. Thamani yake ilikuwa asilimia 21 mpaka 43 ya mshahara wa mwezi mmoja.

Waliotunga jaribio hilo hawakuwa wajinga. Walijua kwamba mwalimu akitaka kupandisha wastani njia fupi ni kumwambia mtoto mzito abaki nyumbani siku ya mtihani. Kwa hiyo waliweka sharti kwamba mtoto asiyefika atahesabiwa kwa alama ya chini. Kwa sharti hilo watoto waliofanya mtihani waliongezeka, na hilo lilikuwa jema.

Basi nini kilitokea? Alama zilipanda katika mitihani ile iliyokuwa na tuzo. Lakini tazama mengine. Kabla ya jaribio waalimu walikuwa wakikosa shule karibu siku moja katika kila siku tano. Baada ya tuzo waliendelea kukosa vile vile. Kazi za kufanya nyumbani hazikuongezwa, na namna ya kufundisha haikubadilika. Kilichoongezeka ni vipindi vya kuwatayarisha watoto kwa mtihani nje ya saa za masomo. Na jaribio lilipokwisha, faida ile ya alama haikudumu. Watoto walikuwa wamefundishwa namna ya kujibu karatasi, na karatasi ilipopita, mafundisho yalipita nayo.

Huu ndio ushahidi wa nyumbani, katika shule za nchi yetu, kwa waalimu waliolipwa kama wetu. Baba aliyeuliza "Mwalimu alikuwa wapi?" hakupata jibu kwa njia hii. Mwalimu aliyekosa shule siku ya tano aliendelea kukosa, ila suti yake ilikuwa mpya.

JIRANI ZETU TANZANIA

Haki ni haki, na hatutaficha habari zisizotupendeza. Wako waliojaribu wakapata faida. Huko Andhra Pradesh katika India, waalimu wa shule za vijijini waliopewa fedha za ziada kwa matokeo, watoto wao walipata alama bora baada ya miaka miwili kuliko watoto wa shule nyingine. Lakini fedha hizo zilikuwa kama asilimia 3 tu ya mshahara wa mwaka, nazo ziliongezwa juu ya mshahara. Hakuna aliyekatwa kitu.

Habari ya Tanzania inafundisha zaidi. Mwaka 2013 na 2014 palifanywa jaribio lililoitwa KiuFunza, katika shule 350 za wilaya 10. Shule za kundi la kwanza zilipewa fedha za vifaa, shilingi 10,000 za Tanzania kwa kila mtoto. Kundi la pili halikupewa vifaa. Mwalimu wa darasa la kwanza mpaka la tatu aliahidiwa shilingi 5,000 kwa kila mtoto atakayefaulu katika Kiswahili, au Kiingereza, au Hisabati, na mwalimu mkuu shilingi 1,000. Kundi la tatu lilipewa vyote viwili. Kundi la nne halikupewa kitu.

Walipopimwa kwa mtihani usio na malipo, watoto wa shule zilizopata vifaa peke yake hawakuzidi wenzao. Shule zilizopata ahadi ya fedha peke yake zilionyesha faida kidogo na ya mashaka. Lakini shule zilizopata vyote viwili zilipanda wazi. Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba bidii bila chombo haifiki mbali, na chombo bila mtu mwenye moyo hukaa kabatini. Sisi wa reli hatuhitaji profesa atueleze hilo. Mpe fundi ahadi ya fedha lakini usimpe spana, uone kama gurudumu litafungwa.

Kwa hiyo mtu akija kwetu na shauri la kulipa kwa matokeo, swali la kwanza liwe hili: vitabu viko wapi, madawati yako wapi, na watoto ni wangapi katika chumba? Januari 2003 elimu ya msingi ilipofanywa kuwa bila ada, watoto zaidi ya milioni moja waliingia shuleni. Lilikuwa jambo jema, na wengi wetu tulifurahi. Lakini tangu mwaka 1998 Serikali ilikuwa imesimamisha kuongeza idadi ya waalimu, ikawa inajaza nafasi za waliotoka tu. Mwalimu aliyekuwa na watoto 40 alijikuta na 80, na mahali pengine 100. Mwalimu huyo ungempima kwa mizani gani?

PENYE BEI PANA HILA

Kuna hatari nyingine, na hii ni mbaya kuliko zote. Kitu kikiwa na bei kubwa, watu hutafuta njia ya kukipata bila kukifanyia kazi.

Katika mji wa Atlanta, Marekani, shule ziliwekewa kiwango cha kufikia kila mwaka. Waliofikia walisifiwa na kupewa fedha za ziada. Waliokosa waliogopa kupoteza kazi. Mji huo ukasifika nchi nzima kwa shule zake. Mwaka 2011 wapelelezi wa jimbo walitoa taarifa kwamba katika shule 44 palikuwa na udanganyifu, wakataja waalimu na wakuu wa shule 178. Watu wazima walikuwa wakifuta majibu yenye makosa na kuandika yaliyo sawa baada ya watoto kwenda nyumbani. Mwaka 2015 baraza la mahakama liliwatia hatiani watu 11. Lakini watoto ndio walioibiwa, kwa sababu mtoto ambaye karatasi yake ilisema anajua hakupewa msaada wa mtoto asiyejua.

Tusiwacheke Wamarekani. Mwaka 2015 hapa Kenya, katika mtihani wa KCSE, watahiniwa 5,101 walifutiwa matokeo kwa udanganyifu, na mwezi Machi 2016 baraza la mitihani likavunjwa. Ulinzi wa mitihani ukakazwa. Waliopata alama ya A mwaka 2015 walikuwa zaidi ya 2,600. Mwaka 2016 walikuwa 141. Wako waliobisha juu ya namna karatasi zilivyosahihishwa mwaka huo, lakini pengo kama hilo si la kupuuzwa. Na kumbukeni, hapakuwa na amri ya kumlipa mwalimu shilingi kadha kwa kila A. Yalikuwa ni jina la shule, sifa ya mwalimu mkuu, pupa ya wazazi na biashara ya wauza karatasi. Ikiwa sifa na jina viliweza kuleta hayo, unga wa mwalimu ukitiwa katika mizani hiyo utaleta nini?

Tena katika miaka yote ya KCPE, mtihani ulioanza 1985 na kufanywa mara ya mwisho 2023, ni mzazi gani asiyejua habari za mtoto mzito aliyerudishwa darasa, au aliyeambiwa atafute shule nyingine, ili asishushe wastani? Mtoto huyo mara nyingi ni wa maskini. Ni mtoto wetu.

TRENI IMEFIKA, NANI ALIPWE?

Sasa tuseme kwa lugha ya kazi yetu. Treni ya mizigo imetoka Mombasa ikafika Nairobi kwa saa yake. Nani ameifikisha? Dereva ataonekana, kwa sababu yeye ndiye aliye mbele. Lakini yuko fundi aliyegonga magurudumu akasikiliza kama yamepasuka. Liko genge lililokaza reli na kubadilisha mataruma kule Voi na Mtito Andei katika jua. Wako wenye ishara, stesheni masta, na karani aliyeandika mizigo. Ukisema dereva peke yake alipwe kwa saa ya kufika, kwanza umewadhulumu wengine wote. Pili umemfundisha dereva jambo baya: siku akichelewa, atatamani kuondoka kabla breki hazijapimwa. Saa itakuwa nzuri siku hiyo. Siku ya ajali, hakuna atakayeuliza juu ya saa.

Na siku mafuriko yakichukua tuta, treni ikakaa porini usiku mzima, je, ni kosa la dereva?

Mtoto anayefaulu ni treni iliyofika. Mwalimu wa darasa la mwisho ndiye aonekanaye, lakini yuko mwalimu wa darasa la kwanza aliyeshika kidole cha mtoto akamwonyesha herufi a. Mwalimu huyo hana mtihani wa nchi, hana jina gazetini, na kwa mpango wa kulipa kwa alama hatapata senti. Wako pia mama aliyeamka alfajiri, na ndugu aliyeacha shule ili mdogo wake asome. Na mafuriko ya mtoto ni mengi: njaa, malaria, safari ndefu kwa miguu, ukame unaohamisha kaya nzima. Mwalimu wa Turkana akipata wastani mdogo kuliko mwalimu wa Nairobi, nani kati yao amefanya kazi zaidi? Karatasi ya mtihani haiwezi kutuambia.

Mtu anaweza kusema kwamba mchuma chai wa Kericho hulipwa kwa kilo, na mwalimu naye alipwe hivyo. Hata huyo mchuma chai aulizwe kama mizani humtendea haki kila siku. Lakini tukubali kwamba jani likiisha chumwa limechumwa. Halirudi nyumbani jioni likalala na njaa, wala halina baba mlevi, wala halisahau usiku lililofundishwa mchana. Kilo moja ya majani ya chai ni kilo moja. Watoto wawili si kitu kimoja mara mbili.

JAMBO LA CHAMA

Wanachama, mpango wa kupima mtu mmoja mmoja una mlango mwingine, nao hufungukia chama.

Mwaka 2016 Tume ya Waalimu, TSC, ilianzisha karatasi za kupima kazi ya kila mwalimu, zinazojulikana kwa jina la TPAD, na waalimu wakuu wakatakiwa kutia saini mikataba ya kazi. Huko si kulipa kwa alama za mtihani, nasi hatutaki kuchanganya mambo. Lakini chama cha KNUT, kilichozaliwa mwaka 1957, kiliingia katika ugomvi na Tume juu ya upimaji huo na juu ya miongozo mipya ya kupandishwa vyeo. Kesi ilifika mahakama ya kazi, na hukumu ikatolewa Julai 2019. Baada ya hukumu hiyo Tume ikawalipa wanachama wa KNUT kwa utaratibu wa zamani, wakakosa nyongeza ya mapatano ya 2016, hali waalimu wengine waliokaa nao katika chumba kimoja cha waalimu waliipata. Waalimu wakaanza kukihama chama chao kwa maelfu. Chama kilichokuwa na wanachama zaidi ya laki moja kikabaki na sehemu ndogo tu.

Hatuandiki hayo ili kusema nani alikosea mahakamani. Twaandika ili kila mwanachama wa reli aone jinsi mambo yanavyokwenda. Watu wawili wafanyao kazi moja wakilipwa mishahara miwili, hawatakaa tena meza moja wakaongea kama ndugu. Kila mmoja atashika karatasi yake na kuificha kwa mwenzake. Mwalimu wa hesabu mwenye njia nzuri hatamfundisha jirani yake njia hiyo, kwa sababu jirani amekuwa mshindani. Na kidole kimoja hakivunji chawa. Hilo likikubaliwa shuleni leo, kesho litakuja karakana: injini ngapi umetengeneza, mabehewa mangapi umekagua, na mwenzako amekagua mangapi. Mwajiri hujifunza kwa mwajiri mwingine upesi kuliko chama kijifunzavyo kwa chama.

TUNATAKA NINI BASI

Si vema kusema "hatutaki" na kunyamaza. Mzazi aliyeuliza swali mwanzo anangoja jibu. Haya ndiyo tunayoyaona kuwa ya haki:

(1) Mwalimu alipwe mshahara wa msingi wa kutosha, uliopatikana kwa mapatano kati ya Tume na vyama vyake. Katiba ya 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanya kazi haki ya malipo ya haki na inakipa chama haki ya kufanya mapatano. Mshahara uliopatanwa usigeuzwe kuwa bahati nasibu.

(2) Mwalimu akaguliwe, na akaguliwe vizuri. Mkaguzi aingie darasani, akae nyuma, asikilize somo, atazame madaftari, amwonyeshe mwalimu penye upungufu, kisha arudi tena kuona kama pametengenezwa. Hiyo ni kazi ngumu kuliko kusoma orodha ya alama ofisini, lakini ndiyo kazi.

(3) Mwalimu asiyefika kazini bila sababu aonywe na aadhibiwe kwa sheria kama mfanya kazi mwingine. Hapa tunasema wazi, na ndugu zetu wa vyama vya waalimu watusikie: chama kinachomficha mvivu kinamwibia mwenye bidii. Dereva mlevi hatumtetei aendelee kuendesha treni. Tunamtetea asikilizwe kwa haki.

(4) Vitabu, madawati na waalimu wa kutosha vitangulie kabla ya maneno yo yote ya kupima. Habari ya Tanzania imetuonyesha.

(5) Ikiwa Serikali ina fedha za tuzo, ziwe juu ya mshahara wala zisitoke ndani yake. Zipewe shule nzima, tangu mwalimu wa darasa la kwanza. Na shule ipimwe kwa hatua ambayo watoto wake wamepiga, si kwa kulinganisha Mandera na Nairobi. Na kanuni zake zizungumzwe na vyama mezani kabla ya kuandikwa.

(6) Sisi wazazi tuna sehemu yetu. Mikutano ya wazazi shuleni twaiacha kwa wake zetu, halafu mwisho wa mwaka twauliza, "Umekuwa nambari ngapi?" Tumwulize mtoto kila juma amesoma nini, na tumwambie atusomee. Baba akisikia mtoto wake akisoma kwa masikio yake mwenyewe, hana haja ya kungoja matokeo ili ajue kama mwalimu anafanya kazi.

Ndugu wanachama, twaomba kila tawi liliweke jambo hili katika mkutano wake ujao. Wanaokubali na wanaokataa wote waseme, kwa maana tumesikia kwamba wako wenye maoni mengine, nasi tutayapokea kwa barua na kuyatia katika gazeti hili kadiri nafasi itakavyoruhusu. Tena twaomba kila tawi lililo karibu na shule liwaalike viongozi wa waalimu wa mahali hapo waje waeleze shida zao, nao wasikie zetu. Waalimu wamewafundisha watoto wetu kusoma gazeti. Haifai wasikie habari za msimamo wetu kutoka kwa watu wengine.

Mtoto wa mfanya kazi hana shamba la kurithi wala duka. Urithi wake ni kile atakachotoka nacho darasani. Kwa sababu hiyo hatukubali kipimwe kwa mizani ya uongo, wala hatukubali anayemgawia urithi huo alipwe kwa kubahatisha.

Umoja ni nguvu.

Kwa niaba ya Kamati ya Gazeti,
MHARIRI